Nusu ya Nini?

Mfasiri hateleza kwenye maneno magumu. Neno gumu linamshtua, analifungulia kamusi, anapiga simu kuuliza. Neno jepesi ndilo linalomwangusha, kwa sababu analipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba yake mwenyewe: hatazami. "Nusu" ni neno la namna hiyo. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma tafsiri za Kiswahili, nyingine za fasihi, nyingine za hati na sheria, na nimeona kwamba kila matini ya Kiingereza inapoleta neno moiety, upande wa Kiswahili kunakuwa na "nusu", nukta, tunaendelea. Kamusi ikikupa "nusu" imefanya kazi yake. Mfasiri ndiyo kwanza anaanza yake. Mimi naishi Mtwara, na huku kusini nusu imetuletea maneno mengi kiasi kwamba siwezi kuipita hivihivi.

Tuanze na neno lenyewe. Moiety si neno la sokoni hata kwa Waingereza. Hakuna anayekwenda dukani kununua moiety ya mkate. Linakaa kwenye hati za ardhi, kwenye wosia, kwenye vitabu vya wanaanthropolojia na kwenye tamthilia za zamani. Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha kale, lugha iliyotawala mahakama zao baada ya Wanormani kuwashinda, na Kifaransa kililipata kwa Kilatini: medietas. Mzizi wake ni medius, yaani "kati". Kwa hiyo kwa asili neno hili halisemi "kipande kimoja kati ya viwili". Linasema kitu kama "ukati", pale mahali ambapo kitu kinaweza kutenganishwa.

Kuna kisa kidogo cha Cicero ambacho kila mfasiri angepaswa kukijua. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo alikuwa akiigeuza Timaeus ya Plato kwa Kilatini, akafika kwenye dhana ya Kigiriki ya namba inayokaa katikati ya namba mbili. Neno medietates lilimjia, lakini akaandika papo hapo kwamba hathubutu kulitumia, au anathubutu kwa shida. Waliokuja baada yake walithubutu, nalo likazoeleka, likawa la sheria. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinatuonyesha bingwa wa lugha yake akisita mbele ya neno ambalo sisi leo tunalimaliza kwa silabi mbili bila hata kupumua.

Sasa angalia lilivyoteleza likiwa mikononi mwa Shakespeare. Katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1598, waasi watatu wamekaa na ramani wakigawana nchi ambayo bado hawajaiteka. Mortimer apate kusini na mashariki, Glendower apate Wales na magharibi yote ng'ambo ya Severn, Hotspur apate kaskazini kuanzia mto Trent. Hotspur anaitazama ramani, anakasirika. Anasema fungu lake halilingani na la wenzake, maana mto umejikunja ukaingia kwake na kumega ardhi nzuri kuliko yote. Anataka mto uzibwe na uchimbiwe njia mpya, iliyonyooka. Na neno analotumia kwa fungu lake ni hilo hilo, moiety. Lakini wao ni watatu! Anachokiita moiety ni theluthi, tena theluthi ambayo yeye mwenyewe analalamika kwamba haijatimia.

Mfasiri akiandika "nusu yangu" hapo ameharibu hesabu, na mtazamaji aliye makini atacheka mahali pasipo pa kuchekea. Anachotaka Hotspur ni fungu. Hapimi, anagombania. Ugomvi ukiisha anakiri mwenyewe kwamba rafiki wa kweli angempa ardhi mara tatu ya hiyo, ila kwenye mapatano hamwachii mtu hata sehemu ya tisa ya unywele mmoja. Neno moiety kwake ni neno la mtu aliye mezani na ramani.

Mtu wa Mtwara akisoma onyesho hilo haoni Trent. Anaona Ruvuma. Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto huu uwe mpaka wao, na hakuna Mmakonde aliyeulizwa, wala Mmakua, wala mtu yeyote wa pwani. Ilionekana rahisi: huku wako, kule wangu, katikati maji. Miaka michache tu baadaye Wajerumani wakaanza kudai kwamba fungu lao halikutimia, kwamba mstari mdomoni mwa mto haukupaswa kufuata maji, na mwaka 1894 wakavuka wakaitwaa Kionga, pembetatu ndogo iliyo kusini mwa Ruvuma karibu na Rasi ya Delgado. Wareno waliirudisha mikononi mwao mwaka 1916 katikati ya vita, na mwaka 1919 wakathibitishiwa. Ukihesabu yote ambayo Ureno ilipata kwa ardhi katika vita vile vikuu, jibu ni Kionga. Hotspur mtupu! Ila hapa waliokuwa wakibishana juu ya mkunjo wa mto walikuwa Berlin na Lisbon, na waliolala ndani ya mkunjo huo hawakujua usiku gani watakuwa wa nani.

Ndiyo maana huku hakuna anayesema Wamakonde "wamegawanywa nusu kwa nusu". Watu wanasema "ndugu zetu wa ng'ambo". Ng'ambo si hesabu, ni upande. Na hapo nina hoja na matumizi mengine ya moiety, yale ya wanaanthropolojia. Wao hulitumia kwa jamii iliyojipanga pande mbili zinazohitajiana: zinaoana, zinashindana, zinazikana. Nimeliona likifasiriwa "nusu" nikashangaa, maana pwani yetu neno tunalo. Lamu wana Mkomani na Langoni, mitaa miwili iliyoshindana kwa ngoma na kwa mashairi. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu wa kusini na wa kaskazini wanachapana kwa migomba, kisha wanakula pamoja. Mwambie mzee wa Makunduchi kwamba yeye ni "nusu" uone atakavyokutazama. Yeye ni wa upande. Upande hauhitaji kulingana na mwenzake kwa idadi, unahitaji tu mwenzake awepo.

Turudi kwa Shakespeare, safari hii kwenye tamthilia ambayo Watanzania tunaijua kwa Kiswahili. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi. Katika onyesho la mahakama la matini ya Kiingereza kuna jambo linalopita upesi. Mtawala wa Venisi anamsihi Shylock: usiishie kusamehe ile ratili ya nyama, samehe na sehemu ya deni lenyewe. Hapo anatumia moiety. Baadaye kidogo, Portia anapoisoma sheria inayomgeukia Shylock, kwamba mali yake igawanywe kati ya Antonio na dola, neno linakuwa lile la kawaida, half. Onyesho moja, hesabu ile ile, maneno mawili. Anayeomba huruma anachagua neno la heshima lenye mipaka ya ukungu, kwa sababu anayeomba hashiki mizani. Anayesoma sheria anachukua neno linalokata. Tofauti hii ndiyo roho ya onyesho lote, kwani kesi nzima inahusu mtu aliyetaka kukata kwa kipimo kamili.

Nyerere ametufundisha kitu hata kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Kwa Kiingereza jina la tamthilia linamtaja mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika mabepari, wengi. Unaweza kumlaumu kwamba siasa yake imeingia kwenye jalada, na wapo waliomlaumu. Lakini hakuuliza tu "neno hili Kiswahili chake nini?" Aliuliza nani ana nini humu ndani, na kwa nguvu gani. Mfasiri wa moiety anahitaji swali hilo hilo.

Na isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini kwa jambo hili. "Nusu" yenyewe ni Mwarabu aliyehamia zamani, pamoja na ndugu zake robo, theluthi na thumni, na ni mchangamfu kwelikweli. Alikutana na Mjerumani wakazaa nusukaputi. Alikwenda Kenya mwaka 2008 akaitwa serikali ya nusu mkate. Lakini nyuma yake yapo maneno mengine ya nusu, adimu zaidi, na matatu kati ya hayo yanastahili kutajwa.

La kwanza ni kisaga. Pishi ni vibaba vinne, kisaga ni vibaba viwili. Basi kisaga ni nusu, ila ni nusu ya pishi peke yake. Huwezi kuwa na kisaga cha shamba wala kisaga cha usiku. Neno linakuja na kizima chake mkononi.

La pili ni sumni. Wenye umri watakumbuka sarafu ya senti hamsini ya mwaka 1966, ile yenye sungura. Tuliiita sumni, na sumni ilikuwa nusu shilingi. Lakini neno ni thumni, sehemu moja ya nane! Ilikuwaje thumuni ikawa nusu? Kwa sababu kizima kilibadilika chini yake. Zamani watu wa pwani walihesabu kwa riale, na riale ilikuwa kama rupia mbili. Shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia ikawa shilingi mbili, riale ikawa kama shilingi nne, na thumni ya riale ikaangukia senti hamsini. Riale ikafa, jina la kipande chake likabaki. Na huku dukani likimaanisha nusu, kwenye mirathi ya Kiislamu lilibaki vilevile: mjane ambaye mumewe ameacha watoto, fungu lake ni thumni, moja ya nane. Neno moja, mtaa mmoja, siku moja, dukani nusu na kwa kadhi thumuni. Watu hawakuchanganyikiwa, kwa sababu kila mmoja alijua ni ya nini.

La tatu ndilo nilipendalo zaidi: kizio. Nazi ikipasuliwa katikati, kila upande ni kizio. Unakalia mbuzi, unashika kizio kimoja, unakuna, ukimaliza mkononi kinabaki kifuu. Vizio viwili vya nazi moja havifanani hata kidogo. Kimoja kina yale macho matatu, kingine hakina. Hakuna anayevipima, ila ukivikutanisha vinashikana, na kizio cha nazi nyingine hakishikani navyo. Kisha wanasayansi wakalichukua neno. Kwenye jiografia ikawa kizio cha kaskazini na kizio cha kusini, dunia ikapasuliwa kama nazi, na sisi wa Mtwara tukajikuta kwenye kizio cha kusini. Kwenye fizikia kizio kikawa kipimo cha msingi, kile unachohesabia: mita, kilo, sekunde. Sumni ilipanda kutoka thumuni hadi nusu, kizio kikapanda kutoka nusu hadi moja kamili. Mtu akiniambia moiety ni neno la ajabu kwa kuwa lilianza na nusu likaishia fungu lolote, namwambia aje huku kwetu.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo jema, tulilingoja mno. Lakini maana yake ni kwamba sasa hivi kuna watu mezani wanaogeuza vifungu na hati, na wakifika kwenye sehemu za watu wanaandika neno moja, kisha neno hilo linakwenda kupigiwa vigingi ardhini.

Nimeliona kwa macho yangu. Shangazi yangu na kaka yake walirithi shamba upande wa Msimbati, minazi kwa sehemu, mikorosho kwa sehemu, na ukanda wa mchanga wa chumvi unaoshuka kwenye mikoko. Kwa miaka mingi halikugawanywa. Nazi zikianguliwa zinahesabiwa mafungu mawili chini ya mti. Korosho zikipimwa AMCOS, pesa inakatwa pasu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kila mnazi. Waingereza wana jina la kisheria la hali hiyo, nusu isiyogawanywa: unamiliki nusu ya kila chembe ya mchanga na hakuna chembe hata moja unayoweza kusema hii ni yangu peke yangu. Baadaye ikabidi karatasi iandikwe. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliandika "nusu ya shamba". Mwaka uliofuata alikuja mtu na kamba, akapima hatua, akachomeka vigingi katikati. Hatua zilikuwa sawa kabisa, hakuna aliyedhulumiwa hata unyayo. Shangazi akapata mchanga wa chumvi.

"Mimi walinipa nusu ya ardhi," aliniambia, "sikuambiwa nusu ya nazi."

Kwenye mila za pwani aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Kwa hiyo "nusu ya shamba" inaweza kuwa nusu ya udongo, nusu ya miti, nusu ya mavuno. Neno halikusema uongo. Halikusema chochote. Aliyeliandika alidhani limeshasema.

Wanasheria wenyewe wanaijua hatari hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwenye kifungu cha 114 kuhusu mali iliyochumwa katika ndoa, haisemi nusu. Inaitaka mahakama itazame michango ya kila mmoja, kwa pesa, kwa mali au kwa kazi, itazame na mila, madeni na mahitaji ya watoto, kisha ielekee kwenye usawa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mtaani tumeyafupisha yote hayo kuwa "nusu kwa nusu", na wanawake wanakwenda mahakamani wakiamini nusu inawangoja kwenye bahasha. Kuelekea kwenye usawa ni mwendo. Nusu ni mahali pa kufika. Mfasiri akivichanganya, kuna mtu atarudi nyumbani analia.

Hata kelele za gesi mwaka 2013 nilizisikia hivyo. Gesi inatoka Ghuba ya Mnazi, bomba linakwenda Dar es Salaam, watu wa Mtwara wakaingia barabarani, na mambo yakaishia pabaya. Sikumsikia mtu aliyedai nusu. Walidai fungu, na fungu lina maana ya kwamba na mimi nihesabiwe nilikuwepo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wafasiri ni hili, na wanaonizidi wanisahihishe. Mtu akiwa mezani anagombania, kama Hotspur, andika fungu. Watu wakiwa wamejipanga mbili mbili, kama Mkomani na Langoni, andika upande, au mtaa. Kitu kimoja kikipasuliwa na vipande vikiwa bado vinaitana, usiogope kizio, usikiachie jiografia peke yake. Wamiliki wawili wakiwa na kitu ambacho hakijakatwa, andika "nusu isiyogawanywa" kwa urefu wake wote, hata kama karani ananuna kwamba sentensi imekuwa ndefu. Na pale ambapo kweli kuna kipimo, kamba, mizani au namba, andika nusu, lakini usiiache peke yake. Mfuatishie neno la pili. Nusu ya deni. Nusu ya mavuno ya kila msimu. Nusu ya eneo, bila kuhesabu miti.

Cicero alisita kwa ajili ya namba tu, na hakuna aliyepoteza mnazi. Sisi tunaandika juu ya minazi ya watu.